Jina la Mola Katika Vinywa vya Waja Wake

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeziumba mbingu na ardhi, akamfundisha mwanadamu kunena, akazihitilafisha ndimi za watu na rangi zao iwe ni ishara kwa wenye kujua. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na msamaha, nasi tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na wote wawafuatao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunajiusia nafsi zetu na tunawausieni ninyi kumcha Mola wetu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu, nanyi ndugu wasikilizaji mlioko majumbani, khutba ya leo imetokana na swali tuliloletewa kutoka katika kijiji kimoja cha milima hii ya Usambara, juu ya barabara itokayo Lushoto kwendea Mlalo. Yuko huko bibi mmoja mwenye umri mkubwa. Alifundishwa sala angali msichana, kwa kusikia tu, Alhamdu na sura chache fupi, naye hajaziacha sala zake tangu siku hizo. Lakini kila akishatoa salamu huinua mikono yake na kusema na Mola wake kwa Kishambaa, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha aliyolelewa nayo na ndiyo lugha anayoweza kulia ndani yake. Humwita Mulungu. Humwomba mvua kwa ajili ya mahindi na maharagwe yaliyoko mgongoni mwa kilima, humwombea afya wajukuu walioko Tanga na Dar es Salaam, na humwombea rehema marehemu mumewe.

Mjukuu wake mmoja alikwenda mjini kusoma dini. Aliporudi akaisikia dua hiyo, akamwambia: Bibi, hilo si jina la Mwenyezi Mungu. Jina lake ni Allah. Hilo unalolitaja ni la makafiri, na dua yako haipokelewi, na huenda umekwisha kumshirikisha Mola wako bila ya kujua. Yule bibi akaishusha mikono yake. Tangu siku ile akitoa salamu huinuka na kuukunja msala. Dua za Kiarabu hazijui, na lugha aijuayo amekatazwa. Majirani walipoona hivyo wakatuletea swali: ni nani mwenye haki kati ya hao wawili?

Kwanza tumtendee haki kijana, kwani si mtu mbaya, na laiti vijana wetu wote wangekuwa na uchungu wa dini kama wake. Hoja yake ni hii. Jina Allah halina wingi wala halina jike. Halikupata kuwa la mwingine. Lakini neno Mungu lina wingi, tunasema miungu, nayo miungu ni masanamu. Basi itakuwaje Mmoja asiye na mshirika aitwe kwa neno linaloweza kuzaa wengi?

Hoja hii tumeisikia mara nyingi katika miaka hii, si katika kijiji hicho peke yake, na inafaa kujibiwa kwa utaratibu.

Ikiwa kuwa na wingi ni aibu ya kulikataza neno, basi itatupasa kuyakataza hata maneno ya Kiarabu. Ilahi ni neno la Kiarabu, na wingi wake ni aliha. Nayo Kurani Tukufu hutumia neno hilo hilo kumtaja Mwenyezi Mungu aliye Mmoja na kuitaja miungu ya washirikina. Rabbi tunalitamka katika kila rakaa, na wingi wake ni arbabu. Nabii Yusuf, amani imshukie, alipokuwa kifungoni aliwauliza wenziwe wawili kama ni bora marabi wengi waliotengana au Mmoja Mwenye nguvu. Nabii Yusuf hakuliacha neno kwa sababu lilikuwa na wingi. Aliukataa wingi wenyewe.

Na katika lugha yetu ya Kiswahili kuna jambo ambalo wengi hulitamka kila siku pasipo kulitazama. Neno Mungu kwa umbo lake limo pamoja na mti na mto na mlima, na wingi wake huenda kwa mi-, kama miti na milima. Twasema mti umeanguka, mlima umeonekana. Lakini hapana Mswahili hata mmoja, awe mtoto au mzee, asemaye Mungu umeumba. Twasema Mungu ameumba, Mungu amejalia, Mungu amerehemu. Wazee walioiweka lugha hii hawakukaa darasani kusoma sarufi, lakini ulimi wao ulikataa kumsema Muumba kama kitu. Walipokuja kuyataja masanamu wakayasema kwa wingi, miungu, wakayaacha huko pamoja na miti na mawe. Sisi tunaona kwamba lugha yenyewe imekwisha kutoa shahada yake, na ni ajabu kidogo kumwona mtu aliyesoma akiitia katika shaka.

Tena kijana amesema kwamba Mulungu ni jina la makafiri. Neno hili ni la kale sana katika nchi zetu. Wazigua hulisema, na Wagogo, na Wayao, mpaka Malawi huko kusini. Na Mungu ya Waswahili ni neno hilo hilo lililofupishwa na ulimi wa pwani. Dakta Krapf alipopanda Vuga mwaka 1848 kwenda kumzuru Mfalme Kimweri ye Nyumbai, Waislamu wa pwani walikuwa wamekwisha kujulikana katika baraza ya mfalme huyo, na wamisionari wa Kijerumani walipojenga Mlalo mwaka 1891 watu wa milima hii walikuwa na jina la Muumba wao tangu zamani. Basi neno hili halikuletwa na kanisa, wala halikuletwa na majahazi. Walikuwa nalo watu waliotazama juu wakajua kwamba yuko aliyewaumba. Na majirani wetu ni vivyo hivyo: Wapare walisema Kyumbi, Wachagga Ruwa, Wamaasai Enkai, Waganda Katonda, Warundi na Wanyarwanda Imana. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya Ibrahim kwamba kila mtume alitumwa kwa lugha ya kaumu yake. Mitume hao walikuwa wengi, na si wote tuliosimuliwa habari zao. Je, wote walisema Kiarabu?

Watu wa pwani walipousoma Uislamu walifanya jambo lenye hekima. Hawakulitupa neno lao. Walilichukua neno enzi, lililotoka katika Kiarabu, lenye maana ya utukufu na nguvu, wakasema Mwenye enzi, na kwa kutamka upesi ikawa Mwenyezi, wakalitanguliza mbele ya neno la babu zao: Mwenyezi Mungu. Hivyo Kiarabu na Kibantu vikasujudu pamoja katika jina moja. Bibi Mwana Kupona wa Lamu, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858, hakuona tabu kuyaweka maneno ya asili ya Kiarabu na neno la Kibantu katika wasia mmoja. Na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Unguja, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipoitoa tafsiri yake ya Kurani Takatifu mwaka 1969, aliandika Mwenyezi Mungu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kijana wetu mwenyewe, tulimwuliza, alijifunzia maana ya Kurani katika kitabu hicho.

Lakini hoja kubwa kuliko zote iko Makka. Baba yake Bwana Mtume aliitwa Abdullah, maana yake mja wa Allah, naye alipewa jina hilo kabla ya Uislamu kudhihiri. Makureshi walilijua jina hili. Waliapa kwalo. Kurani yenyewe yashuhudia katika Sura ya Luqman kwamba lau wangeulizwa ni nani aliyeziumba mbingu na ardhi, wangemtaja Allah bila ya kusita. Na pamoja na hayo waliizunguka Kaaba uchi, iliyojaa masanamu mia tatu na sitini, na wakiwazika watoto wao wa kike wangali hai. Jina walikuwa nalo, tena lile lile, kwa matamshi yaliyo sahihi kuliko yetu sisi sote. Halikuwafaa kitu.

Kisha tazameni Hudaibiya, mwaka wa sita wa Hijra, yaani 628 wa Miladi. Waislamu na Makureshi walipokubaliana kuandika mapatano, Bwana Mtume alimwamuru Sayyidna Ali aanze kwa jina la Mwenyezi Mungu, Rahmani, Rahimu. Suhail bin Amri, mjumbe wa Makureshi, akakataa. Akasema Rahmani simjui. Andika kama tulivyozoea sisi, kwa jina lako, ewe Allah. Masahaba wakakasirika, na hasira yao ilikuwa na sababu: hilo lilikuwa jina la Mola wao, lililoteremshwa kutoka mbinguni, na huyu mshirikina alitaka lifutwe! Bwana Mtume akasema liandikwe alitakalo Suhail. Kisha Suhail akayakataa hata maneno Mtume wa Mwenyezi Mungu, akataka liandikwe Muhammad bin Abdullah. Sayyidna Ali hakuweza kuyafuta kwa mkono wake. Bwana Mtume akayafuta mwenyewe.

Jina la Rahmani halikupungukiwa kitu kwa kuondolewa katika karatasi ile. Damu haikumwagika, watu wakapata amani ya kusikilizana, na haikupita miaka miwili Makka ikafunguliwa. Suhail bin Amri mwenyewe akasilimu. Na katika Sura ya Bani Israili, aya ya mia na kumi, tumekwisha kufundishwa kwamba amwitaye Mola wake Allah na amwitaye Rahmani humwita Yeye yule yule, kwani majina yote mazuri ni yake.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi nanyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

(Khatibu huketi kidogo, kisha husimama.)

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, asiondoke mtu hapa akasema kwamba tumehubiri kuwa jina si kitu. Hatukusema hivyo. Yako maneno tuliyoamrishwa kwa namna yake, nayo hayabadilishwi kwa kupenda kwetu: adhana, takbira, Alhamdu, tahiyatu. Ulinzi wa maneno haya ni neema kubwa. Msambaa wa Bumbuli akiingia msikitini Jakarta hatahitaji mkalimani. Mpate kujua uzito wake, kumbukeni yaliyotokea Uturuki. Kuanzia mwaka 1932 serikali ya huko ililazimisha adhana itolewe kwa Kituruki, na badala ya Allah liitwe neno lao Tanri. Na baadaye walioadhini kwa Kiarabu waliadhibiwa kwa sheria. Hali hiyo ilidumu mpaka Juni 1950, na inasimuliwa kwamba watu walilia barabarani walipoisikia tena adhana waliyoizoea. Neno Tanri lenyewe halikuwa na kosa. Waturuki walikuwa wakilitumia katika mashairi na dua zao kwa karne nyingi. Kosa lilikuwa ni kutia mkono katika kinywa cha mwenye kuabudu.

Na mkono huo waweza kutiwa na Waislamu pia. Huko Malaysia ulizuka mzozo mrefu, wenye mamlaka wakiwakataza Wakristo kuliandika neno Allah katika gazeti lao, ingawa katika lugha yao ya Kimalei ndilo neno walilolirithi. Mahakama ilipowapa haki siku ya mwisho ya mwaka 2009, makanisa kadhaa yalishambuliwa kwa moto Januari 2010. Na mwaka 2013 mahakama ya rufani ikarudisha katazo. Sisi twajua kwamba Wakristo wa Misri, wa Shamu na wa Lubnani humwita Allah tangu zama za kale, na watu wa kisiwa cha Malta, ambao ni Wakatoliki, humwita Alla mpaka leo. Masahaba waliishi na Wakristo wa namna hiyo, wakafanya nao biashara na mapatano, na hatukusikia kwamba waliwanyang'anya neno hilo. Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Haji nyumba za watawa, na makanisa, na masinagogi, pamoja na misikiti, kuwa ni mahali ambapo jina lake hutajwa kwa wingi.

Hapa kwetu Lushoto nani asiye na mjomba au shemeji upande wa pili? Msikiti na kanisa hutazamana juu ya bonde moja. Msiba ukitokea twachimba kaburi pamoja, na wimbo wa taifa twauimba kwa neno moja la Mungu, Waislamu na Wakristo, bila ya mtu kuuliza ni Mungu wa nani. Itikadi zetu zinahitilafiana, wala hatuzifichi: sisi hatukubali kwamba Mola alizaa au alizaliwa, nasi twalisema hilo kwa adabu. Lakini kuhitilafiana katika sifa zake hakumfanyi Muumba kuwa wawili. Wala tusidhani kwamba ugomvi wa namna hii hauwezi kufika kwetu. Mwaka 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, watu walibishana nani achinje na jina la nani litajwe juu ya kisu, na ubishi huo ulimwaga damu ya binadamu. Kilichochinjwa kilikuwa ng'ombe, na aliyekufa alikuwa jirani.

Tena tusiseme kwamba kila aitaye Mulungu yuko salama. Mtu akilitaja jina hilo, kisha akaenda kwenye kaburi la babu yake na mbuzi wa tambiko kuomba mvua, huyo ametenda kosa. Lakini kosa liko katika mbuzi na kaburi, si katika neno. Na lau angefanya hayo huku akitamka Allah kwa tajwidi iliyonyooka, lingekuwa kosa lile lile, na pengine zaidi.

Kwa hakika, ndugu zangu, jina hili la Allah ambalo twaliona ni tukufu, nalo ni tukufu, liko mahali ambapo linavunjiwa heshima kila juma, wala hakuna kijana aliyekuja kutulalamikia. Nendeni gulioni Soni asubuhi, au hapo Lushoto mjini malori ya Kariakoo yanapopakia. Sikilizeni ni mara ngapi mtaambiwa wallahi. Wallahi viazi hivi nimevichimba jana, navyo vimelala siku nne. Wallahi bei hii nimenunulia mimi mwenyewe. Mnunuzi naye huapa kwamba gunia la lumbesa ni gunia la kawaida, na mkulima aliyelibeba kichwani kutoka Magamba hurudi na fedha ya gunia moja kwa mzigo wa gunia moja na nusu. Na katika mabaraza ya ardhi mtu huinua mkono, akaapa kwa jina la Mola kwamba mpaka wa shamba uko kwenye mti ule, hali ajua kwamba baba yake aliuonyesha kwenye jiwe. Bwana Mtume ametuonya kwamba kiapo huenda kikaiuza bidhaa lakini huiondoa baraka yake, na amemhesabu mwenye kuuza kwa kiapo cha uongo miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama. Ikiwa tunataka kuulinda utukufu wa jina hili, kazi ipo nyingi huko gulioni, na wala haihitaji kumnyamazisha bibi kizee juu ya msala wake.

Imepokewa pia kwamba Bwana Mtume aliletewa kijakazi, bwana wake akitaka kujua kama ni mwenye imani apate kumwacha huru. Akamwuliza Mwenyezi Mungu yuko wapi. Na katika riwaya moja kijakazi huyo hakutamka neno, aliashiria mbinguni kwa kidole chake. Bwana Mtume akasema aachwe huru, kwani ni muumini. Kidole hakina Kiarabu wala Kishambaa.

Basi jibu letu kwa waliotuuliza ni hili. Sala ya bibi huyo ni sahihi kwa maneno yake ya Kiarabu, kadiri alivyojaliwa kuyajua. Dua yake baada ya salamu ni dua ya Muislamu anayemwomba Mola Mmoja, na jina alilomwita ni jina la Mola huyo katika lugha ya wazazi wake. Mjukuu na amfundishe dua mbili tatu za Kiarabu, nalo litakuwa jema, lakini amwongezee, asimpokonye.

Kijana alikuja mwenyewe kutuona, naye alikuwa na huzuni. Akatuuliza: sasa nimwambie nini bibi yangu? Tukamwambia asimwambie neno lolote. Aende nyumbani, asali Magharibi nyuma ya msala wake kidogo, kisha anyanyue mikono yake na kumwomba bibi amwombee dua yeye mjukuu, kwa lugha ile ile. Na kila bibi anapotua, aitikie amin. Tumepata habari kwamba alikwenda. Walichoombeana hatukukiuliza.

Ewe Mwenyezi Mungu, ewe Allah, ewe Rahmani, ewe Mola wa viumbe wote, Wewe uwasikiaye wakuitao kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, kwa Kishambaa na kwa Kimbugu, kwa Kipare na kwa Kizigua: tusamehe sisi na wazazi wetu, walio hai na waliotangulia. Teremsha mvua ya heri juu ya milima hii, isiyoporomosha mashamba wala kubomoa nyumba. Waponye wagonjwa wetu. Zikomboe ndimi zetu na kiapo cha uongo. Wape majirani zetu amani, nasi utupe amani kwao. Amin.

Simameni kwa sala.